Likizo Wakati wa Kupanda

Mume wangu aliponiona nakunja mablanketi na kuyapanga kwenye begi, aliniuliza mara mbili kama nina homa.

"Unampeleka Msukuma kupumzika mvua ikianza?" akasema. "Ungempeleka ng'ombe shule ingekuwa rahisi zaidi."

Nikamwambia abaki na kuku wake. Ilikuwa Disemba, shule zimefungwa, na mimi nilikuwa na ratiba yangu. Nikishaandika ratiba sipendi mtu aiguse, iwe darasani au nyumbani, na mume wangu analijua hilo kwa miaka ishirini na sita tuliyokaa pamoja pale Mkuyuni.

Ratiba ilisema siku tano kando ya ziwa, mimi na mama yangu. Mama ana miaka sabini na minne. Kwetu tunamwita Mayu, kama Wasukuma wengi wanavyowaita mama zao. Alikuwa amekuja Mwanza kutibiwa, kwa sababu miguu ilikuwa inavimba na pumzi inamwishia akitoka tu jikoni kwake kwenda kisimani. Daktari alimpima, akasema moyo umepanuka, akaandika dawa, kisha akanigeukia mimi na kusema kwa sauti ya chini, "Jembe basi." Mayu alikuwa anafunga vifungo vya blauzi. Tulipotoka nje akaniuliza daktari kasema nini. Nikamjibu kwamba kasema apumzike. Haukuwa uongo, lakini haikuwa kweli yote, na mimi ndiye ninayesimama mbele ya watoto wa watu kila asubuhi nikiwaambia waseme kweli.

Jioni hiyo nilimpigia simu mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani, upande wa Magu, anaishi na mke wake na watoto kwenye uwanja mmoja na Mayu. Tulizungumza kama wezi. Tukakubaliana kwamba mimi nitamshikilia Mayu huku, mvua ikishuka wao watapanda, na yeye akirudi atakuta kazi imekwisha. Atanuna wiki mbili, tukasema, halafu atazoea. Mwaka unaofuata itakuwa rahisi zaidi.

Mimi niliogopa kitu kimoja tu, nacho ni kupigiwa simu asubuhi moja na kuambiwa Mayu ameangukia shambani na jembe mkononi. Mayu naye, nilijua, aliogopa kwamba siku moja mtu atakuja kumwondoa kwenye shamba lake akiwa bado anaona na kusikia. Tulikuwa tunakwenda kulala chumba kimoja siku tano na hofu hizo mbili, na hakuna aliyekuwa tayari kuitaja ya kwake.

Nyumba ya wageni tuliyokwenda ipo Ilemela, mbele ya uwanja wa ndege, pale ambapo mawe makubwa yanaanza kuwa mengi kuliko nyumba. Ina vyumba vinne na baraza moja refu linalotazama ziwa. Miezi ya kiangazi huwezi kupata hata kiti pale. Vijana wa mjini hujazana siku za Jumamosi na maspika yao, sato wanachomwa tangu asubuhi, na ziwa lenyewe hakuna anayelitazama isipokuwa anapopiga picha. Mvua ikianza wote hupotea. Nilipopiga simu kuuliza nafasi, mwenye nyumba, mwanamke wa Kikerewe mwenye maneno ya taratibu, alicheka kwanza.

"Mwalimu, vyumba vipo mpaka ushangae," alisema. "Ila unajua mvua iko njiani?"

Nikamwambia ndiyo hiyo tunayoifuata.

Nami nilikuwa nasema kweli. Wakati wengine wanalipenda ziwa likiwa la buluu na jua linawaka, mimi nalipenda likiwa la kijivu. Mwanza ikipoa kidogo tu sisi wote tunavaa masweta kama tuko Makete, tunakunywa chai ya maziwa saa za ajabu, na mtu anaweza kukaa na blanketi mabegani saa nne asubuhi bila kuulizwa kama anaumwa. Tangu niajiriwe sijawahi kupata siku tano za namna hiyo.

Mvua ya kupandia ilikuja siku ileile tuliyofika. Tuliiona kabla haijatufikia, maana pale barazani unaiona ikitoka mbali, upande wa Ukerewe. Kwanza kisiwa kilichoko mbele kilififia, halafu kikafutika, halafu maji yaliyokuwa yanang'aa yakawa na rangi ya jivu, na ule mstari ukawa unasogea kuja kwetu bila haraka. Mwenye nyumba alianua nguo zake zote kwenye kamba, akazikunja, akaingia ndani, akafunga madirisha mawili, ndipo tone la kwanza likagonga bati. Baada ya hapo hatukusikiana tena. Maji yalishuka juu ya mawe kwa mifereji, yakaruka kwenye bustani, yakaingia ziwani yakiwa mekundu.

Mayu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu yake iliyovimba juu ya kigoda. Alitazama kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Mvua ilipopungua akasema, "Mbona inanyesha kwenye maji?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Pale kuna maji tayari," akasema, akinyoosha kidole. "Hii ni kupoteza. Kule watu wanalia mvua, huku inamwagwa ziwani."

Nilianza kumweleza habari za mvuke na mawingu, kama ninavyowaeleza watoto, na ubao nikautafuta kwa mkono. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema hata hivyo ni kupoteza, na akaomba chai.

Usiku huo alilala tangu saa mbili mpaka kumekucha. Mimi ndiye niliyekuwa nageukageuka. Nilitegemea atasema, mvua imeshuka, nirudishe nyumbani. Nilikuwa nimeandaa majibu matano, yote mazuri. Asubuhi aliamka, akaosha uso, akaulizia uji, na baada ya uji akaulizia kama kuna sukari guru. Habari ya shamba hakuitaja. Jioni yake alipozungumza na wajukuu kwa simu, aliwauliza kuhusu mbuzi na kuhusu kikohozi cha mdogo wao, akawaambia walale mapema, basi. Nikakaa naye pale nikishangaa. Halafu nikaanza kujisifu kimoyomoyo, nikasema kumbe ilikuwa rahisi hivi, kumbe mtu anahitaji tu kutolewa kwenye mazingira yake.

Siku hiyo ya pili ilikuwa nzuri kupita zote. Asubuhi ziwa lilitoa nguzo nyeusi tatu, ndefu, zinazoyumba. Wageni hudhani ni moshi wa meli inayoungua. Ni wadudu wadogo tu wanaozaliwa majini na kupanda juu kwa mamilioni. Upepo ukiwaleta nchi kavu wanaingia kila mahali, machoni, puani, kwenye chai. Tulifunga milango tukacheka. Mayu alikuwa amebeba michembe kwenye mfuko wake, vile vipande vya viazi vitamu alivyovikausha mwenyewe. Akampa mwenye nyumba avipike na karanga. Tukala sisi watatu jikoni, karibu na moto, mvua ndogo ikiendelea nje. Mwenye nyumba alisema kwao Ukerewe wanakula hivyohivyo, ila ya kwao ni mitamu zaidi. Mayu akamwambia anayesema hivyo hajaonja vizuri, aongeze. Wale wawili walipatana tangu hapo.

Mchana nilifanya jambo ambalo sijawaambia walimu wenzangu. Nimefundisha kichocho kwa miaka mingi, na yule konokono wake naweza kumchora nikiwa nimefumba macho. Lakini mvua ilikuwa inanyesha kwa upole, hakuna mtu ufukweni, viti vimeegemezwa ukutani, na yale maji yalionekana kama yananiita kwa jina. Nikafunga khanga kifuani nikaingia mpaka kiunoni, kisha mpaka shingoni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mvua kichwani ilikuwa ya baridi na ziwa mwilini lilikuwa la moto, na kila tone lilipoanguka mbele ya macho yangu liliruka juu tena likiwa kamili. Mnandi watano, wale ndege weusi wanaopiga mbizi kuvua samaki, walikuwa wamekaa kwenye jiwe, mabawa wameyatandaza, wakilowa bila kujali. Nilikaa humo mpaka vidole vikakunjamana. Nilikuwa na furaha, sina neno jingine.

Nilipotoka Mayu alikuwa barazani ananitazama.

"Mtu mzima," akasema, "unalowa juu, unalowa chini."

"Njoo na wewe," nikamwambia.

"Mimi nimelowa vya kutosha tangu nizaliwe." Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Unajua sijawahi kuitazama? Mvua. Siku zote nimekuwa ndani yake. Ikinyesha niko shambani, au naanua kuni, au natafuta mbuzi. Kukaa nikaitazama hivi, mwanzo mpaka mwisho, hapana. Ni nzuri."

Nilijikausha taratibu kuliko ilivyohitajika ili asione uso wangu.

Siku ya tatu ikaja na mambo yake. Chini ya ile nyumba, ukivuka mawe, kuna kipande cha mchanga ambapo wanawake huanika dagaa. Mwezi ulikuwa wa giza siku zile, na dagaa huvuliwa gizani, kwa hiyo kila asubuhi mitumbwi ilirudi imejaa. Walitandika nyavu kuukuu juu ya mchanga wakawamwaga dagaa juu yake, fedha tupu mpaka majini. Kukausha dagaa wakati wa mvua ni kazi ya roho juu. Wakinyeshewa kidogo tu wanaoza, na dagaa wa chakula wanageuka dagaa wa kuku. Kwa hiyo pale kuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Mvua ikitokea, kila aliye karibu anakusanya, awe mwenye mali au mpita njia. Huulizi ni wa nani. Unakusanya, mtatambuana baadaye.

Kama saa saba mchana, jua likiwa limetoka vizuri na kumdanganya kila mtu, ule mstari wa kijivu ukatokea tena. Tukasikia wanawake wakiitana. Mayu alikuwa anasinzia. Alifungua macho, akaona, akasimama.

"Dagaa wa watu," akasema.

Alikuwa ameshashuka ngazi kabla sijavaa ndala. Mtu asiyemjua angesema huyu mzee hana ugonjwa wowote. Mwendo wake ulikuwa uleule ninaoukumbuka tangu utoto, wa kuinama kidogo mbele, mikono nyuma, haraka. Nilimwita hakugeuka. Kisha, katikati ya njia kati ya nyumba na mchanga, alisimama. Akaweka mkono kwenye jiwe. Akakaa chini, polepole, kama mtu anayeweka chini mtungi uliojaa.

Nilipomfikia midomo yake ilikuwa ya kijivu na kifua kinapanda na kushuka. Mvua ikatukuta palepale. Nilitaka kumnyanyua, akanisukuma mkono.

"Nenda kakusanye," akasema kwa vipande. "Nimekaa. Siendi popote. Nenda."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita mbio na beseni alisimama, akafungua khanga yake ya mabegani, akamfunika Mayu kichwani. "Shikamoo bibi," akasema. "Kaa hapohapo, tunamaliza sasa hivi." Mayu akaitikia marahaba. Yule mwanamke akaendelea kukimbia.

Nikaenda. Nilikunja nyavu na watu nisiowajua, magoti mchangani, maji yakinitiririka mgongoni, na kila baada ya kukunja nilitazama juu. Aliendelea kukaa, mdogo, chini ya khanga ya mtu, akiangalia watu wakifanya kazi. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona Mayu akiangalia watu wakifanya kazi.

Dagaa wengi waliokolewa. Wanawake walituletea bakuli zima jioni, na mwenye nyumba aliwakaanga na nyanya na pilipili. Mayu alikula kidogo, akanywa dawa zake, akapanda kitandani akageukia ukutani.  Nilisikiliza pumzi yake mpaka nikashikwa na usingizi.

Siku ya nne, mvua ikiwa imeanza tangu alfajiri, mdogo wangu akapiga simu. Nilitoka barazani kuipokea, nikasogea mpaka mwisho ili Mayu asisikie.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mmemaliza?"

 Nikasikia mvua ya upande wake pia, kwenye bati la nyumba yetu.

"Hatujaanza," akasema.

Nilimuuliza kwa ukali ninaowatunzia wanafunzi wa nyuma ya darasa. Mvua ya siku nne, shamba limeshalimwa kwa ng'ombe tangu mwezi uliopita, mbegu zipo, majirani je?

"Majirani wamemaliza. Sisi tunatazamwa." Akashusha pumzi. "Nilimwambia mke wangu aanze, akakataa. Kasema, mimi nani wa kuweka mbegu kabla ya mama yako. Nikachukua jembe mwenyewe. Nimesimama pale dada, nimeliinua, nimelishusha. Sikuweza. Wewe umewahi kuona mtu mwingine anaanza lile shamba?"

Ndipo nilipokumbuka, na nikajiona mjinga kuliko mjinga. Kwetu mstari wa kwanza wa mbegu anauweka mama mkuu wa nyumba. Alikuwa akifanya bibi, mama yake baba, na alipofariki akafanya Mayu. Sisi wengine tulisimama pembeni mwa shamba na mbegu mikononi, miguu imepoa kwenye tope, tukimngoja afike mwisho wa mstari ageuke. Mwaka mmoja alikuwa na malaria kali. Baba alimpakia kwenye baiskeli, akamshikilia, Mayu akaweka mstari mmoja, akarudishwa kitandani, ndipo tukaingia. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa. Miaka thelathini ya chaki ilinifanya nisahau jambo ambalo nililisimamia kwa miguu yangu. Mimi nilipanga kila kitu, nikamtoa Mayu kwenye shamba, na kwa kumtoa nikawa nimelifunga.

Nilipokata simu nikageuka. Mayu alikuwa mlangoni, blanketi mabegani.

"Hawajapanda," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ulijua?"

"Wangekuwa wamepanda, ningekuwa nalala hivi?"

Akaja akakaa kwenye kiti chake. Nilibaki nimesimama. Hasira ilinipanda, nadhani kwa sababu ya aibu, na hasira hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikamwambia yote. Nikamwambia hakuletwa pale kwa ajili ya hewa nzuri. Nikamwambia mimi na mdogo wangu tulipanga wapande nyuma ya mgongo wake. Nikamwambia daktari alisema jembe basi, na kwamba naogopa, kila simu ikilia asubuhi naogopa, sitaki mama yangu afie kwenye tope.

Alingoja nimalize, kama alivyongoja nimalize habari ya mvuke.

"Nilimsikia daktari," akasema. "Kinachoumwa ni moyo. Masikio ni mazima."



"Nilikuwa nangoja nione nani ataniambia," akaendelea. "Nikasema, huyu mwalimu ataniambia siku ya kwanza. Hukusema. Nikasema ya pili. Hukusema, ukaenda kuoga ziwani. Basi na mimi nikakaa kula samaki. Nilijua kule hakuna atakayegusa."

"Samahani, Mayu."

"Kaa chini, unanizuia nisione."

Nikakaa. Mvua ilikuwa inanyesha ziwani kwa nguvu, maji yamekuwa na vinundu kila mahali. Tulitazama. Nilidhani amemaliza, na kwamba kesho yake atadai gari la Magu, na mimi sitakuwa na jibu hata moja kati ya yale matano.

"Jana," akasema baada ya muda, "pale nilipokaa. Kutoka kwenye ngazi mpaka lile jiwe ni hatua arobaini na moja. Nilizihesabu. Na njia ile inateremka."

Niligeuka nikalitazama lile jiwe.

"Mstari wangu ni zaidi ya hatua mia." Alivuta blanketi. "Niliwaona wale wanawake wakikusanya. Hawakunihitaji. Walinifunika tu nisilowe."  Sijawahi kumwona Mayu akilia isipokuwa msibani, na hakulia, ila aliangalia pembeni kwa muda. Mimi nililia kwa niaba yetu wote wawili.

Kisha akaniambia, "Mpigie."

Nikapiga kwa mdogo wangu.

"Si yeye. Mkewe."

Wifi yangu ni Mjita, alikuja kwetu akiwa binti wa miaka ishirini, na Kisukuma chake amejifunza jikoni kwa Mayu. Sasa ana watoto wanne. Nilimsikia akifuta mikono kwa nguo kabla hajashika simu. Nikaweka spika. Walisalimiana kirefu kama inavyotakiwa, habari za watoto, za mbuzi, za kifua cha mdogo wao. Walizungumza Kisukuma, naandika kama ninavyokumbuka.

"Mwanangu," Mayu akasema, "mbegu zimo wapi?"

"Ziko palepale ulipoziweka, Mama. Sijazigusa."

"Zichukue. Chukua na jembe langu, lile la mpini mfupi. Nenda shambani uanze."

 "Mama, tunaweza kukungoja. Hata wiki."

"Mvua haiwezi." Mayu alishika simu kwa mikono miwili. "Nimesema uanze wewe. Usimpe mume wako. Mwambie asimame pembeni na watoto, wangoje mpaka utakapogeuka."

 Tulimsikia wifi akivuta pumzi puani. Kisha akasema, "Ndiyo, Mama," kwa sauti ndogo sana.

"Na simu usikate. Ifunge hapo kwenye kilemba, karibu na sikio."

Tukamsikia anatembea. Tulisikia mlango, matone yakigonga kitambaa chake kichwani, watoto wakiulizana, mdogo wangu akiwaambia wanyamaze. Kisha jembe. Sauti ya jembe kwenye udongo uliolowa ni laini, na huifahamu tu ukiwa umekua nayo. Mayu alifumba macho.

"Ngapi kila shimo, Mama?" wifi akauliza.

"Tatu. Moja ya kwako, moja ya panya, moja ya bahati mbaya. Funika kwa mguu, usikanyage."

Jembe, kimya, jembe. Mara likalia kwa ukali, chuma kwenye jiwe.

"Umekwenda kulia," Mayu akasema bila kufungua macho. "Hapo kuna mawe, uko karibu na mchongoma. Rudi kushoto hatua moja."

"Ndiyo, Mama."

Alimwelekeza hivyo kwa kitambo, mashimo kumi, labda kumi na tano. Chimba zaidi hapo, udongo ni mwepesi. Hapo usichimbe sana. Halafu maneno yakaanza kupungua. Jembe liliendelea kwa mwendo wake, mwendo wa wifi, mzito kidogo kuliko wa Mayu. Nilimwona Mayu akifungua mdomo kutaka kusema kitu, akaufunga. Akafungua tena. Akaufunga. Mwenye nyumba alikuwa ametoka jikoni na sufuria ya chai, akaelewa hali, akasimama mlangoni bila kusogea.

"Mama, upo?" wifi akauliza.

"Nipo."

"Umenyamaza."

"Unafanya vizuri. Endelea."

Sijui ilichukua muda gani. Chai ilipoa. Mwisho tukasikia jembe limesimama, na wifi akihema.

"Nimefika mwisho, Mama. Nimegeuka."

"Wanakutazama?"

"Wananitazama."

"Waambie waingie," Mayu akasema. Kisha akamshukuru, wabeja, wabeja, mara mbili, akanipa simu nikate kwa sababu yeye hajui kitufe.

Simu ilikuwa ya moto mkononi mwangu. Mwenye nyumba akatumiminia chai bila kuuliza kitu, akarudi ndani. Mayu alikunywa yake yote, akapangusa midomo. Nilitaka kumfurahisha, na ratiba yangu ilikuwa inaishia kesho yake hata hivyo, nikamwambia tutaamka mapema, tutapitia Mkuyuni kuchukua nguo zake, na jioni nitakuwa nimemfikisha Magu akaone mwenyewe.

Akatikisa kichwa.

"Tusiondoke kesho."

"Kwa nini, Mayu?"

"Nikifika kule kesho nitazifukua, nihesabu kama ni tatu." Aliangalia mikono yake, ikiwa imelala juu ya blanketi. "Nitazifukua, najijua. Tukae hapa mpaka ziote."

Nikasimama, nikaenda jikoni kumuuliza mwenye nyumba kama anaweza kutuongezea wiki moja.